Wapo Wote

Ukipita barabara inayoelekea lango la Ikoma, la kuingilia hifadhini, utakiona kibao cha kijani, maandishi yake yamepauka kwa jua: Bustani ya Wanyama, Karibuni. Wengi hawakaribii. Mtu aliyepanda ndege mbili kuja kuona simba na tembo, bata wa nini? Wanaosimama husimama kwa sababu wamebanwa haja ndogo. Wakishamaliza wananunua soda, wanampiga picha kulungu mmoja nyuma ya waya, wanaondoka. Wageni wanaokuja kwa moyo mweupe ni watoto wa shule za msingi kutoka Mugumu na vijiji vya jirani, nao huwapenda bata kuliko kitu kingine chochote, maana bata hujibu akizomewa.

Ndani ya bustani hiyo utamkuta Nora. Hutamkuta amekaa. Mama huyu wa miaka arobaini na sita hatulii, utadhani amekanyaga siafu: sasa hivi yuko bwawani anamwaga pumba, ukigeuka yuko kwenye zizi la kulungu na mzigo wa majani ya viazi, ukigeuka tena anakagua waya alioukagua jana. Hata chai anakunywa akiwa amesimama. Alianza kuwa hivyo mwaka ule mumewe, Werema, alipokutwa na paja la kulungu kwenye mfuko wa salfeti. Mahakama iliita paja lile nyara ya serikali, ikampa Werema miaka ishirini. Tangu siku hiyo Nora anaishi kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Watani hawakumwacha. Alipopata kazi ya kuhudumia wanyama, kijiweni wakasema mume kafungwa kwa paja, mke analishwa na mnyama mzima. Nora alicheka nao. Utafanyaje, na akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini nakuambia, kicheko kile hakikufika tumboni. Kila asubuhi alipowafungulia kulungu wale aliwaza kwamba yeye, kati ya watu wote wa wilaya hii, ndiye mtu wa mwisho ambaye mnyama angepotelea mikononi mwake na akasadikiwa.

Msimamizi wa bustani alikuwa Batholomeo, mwanamume mfupi, nadhifu, aliyekuja Tarime kutoka Kahama miaka mingi iliyopita kutafuta dhahabu. Dhahabu hakuiona. Shimo lilititia, akatoka na mguu unaochechemea na tabia ya kuhesabu. Mchimbaji aliyekosa dhahabu huhesabu hata kokoto. Alihesabu chupa za soda, nguzo za uzio, mayai ya bata, watoto wa shule wakiingia na wakitoka. Mwenye bustani anaishi Mwanza, na kila jioni Batholomeo humpigia picha ukurasa wa daftari na kumtumia kwa simu.

Hapo ndipo yeye na Nora walipogongana tangu wiki ya kwanza. Nora hahesabu mifugo. Aliolewa kwenye boma la wafugaji, na mama mkwe wake alimfundisha siku ya tatu tu ya ndoa: mali yenye uhai haipigiwi hesabu kwa mdomo, ukiitaja idadi umeipunguza. Mchungaji anaijua kwa sura. Ng'ombe wakiingia jioni anatazama nyuso, na uso usioingia unamuuma hapo hapo kama jino, bila namba yoyote. Tena kuna neno lisilotamkwa kabisa. Mnyama aliyechelewa porini haambiwi kuwa hayupo. Lisemwalo lipo, alisema yule mama mkwe, na kama halipo laja. Ukisema hayupo, umemwonyesha fisi njia.

Kwa hiyo Nora aliwajua kulungu wa bustani kwa nyuso, na kila mmoja alimpa jina la ng'ombe wa mahari yake, wale walioswagwa hadi kwa baba yake mwaka alioolewa. Kulikuwa na Kiraka, na Mkia Mweupe, na dume moja la pembe zilizojipinda aliloliita Mzee. Kulikuwa na Machozi, jike mwenye michirizi myeusi chini ya macho. Batholomeo alipodai idadi kila asubuhi, Nora aligoma. Walibishana wiki nzima, mwisho wakapatana: Nora ataandika neno moja tu kwenye daftari, "wapo", na Batholomeo, kwa kulitegemea neno hilo, ataweka pembeni "7" kwa mkono wake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwaka mmoja na miezi sita. Wapo, saba. Wapo, saba. Hakuna aliyeona hatari yoyote ndani ya neno fupi namna ile.

Jumatatu moja, mvua za masika zikielekea mwisho, Machozi hakuja kula.

Nora aliuona uso ule haupo kabla hajatua mzigo wa majani. Alisimama, akatazama kichaka cha katikati. Zizi lenyewe ni ekari sita, nusu yake vichaka ambavyo mtu mzima haingii ila kwa kutambaa. Aligonga debe. Wengine wakaja, wakala, wakaramba chumvi. Machozi hakutokea. Nora alizunguka uzio mara mbili akipapasa waya kwa vidole, hakukuta palipokatwa. Kisha akaenda kwenye daftari akaandika "wapo", kwa sababu hakuwa na neno jingine ambalo lingeruhusiwa kutoka mkononi mwake.

Jumanne akaandika tena. Jumanne hiyo alizunguka uzio mara tano.

Jumatano asubuhi Batholomeo alipata ujumbe kwamba afisa wa wanyamapori atakuja Ijumaa kukagua, maana kibali cha bustani kinakaribia kuisha. Basi naye akaamua kuhesabu kwa macho yake, na akapata kulungu sita. Akahesabu upya akimwelekezea kila mmoja kidole, jambo lililomfanya Nora ageuze uso. Sita. Akauliza wa saba yuko wapi.

"Wapo wote," Nora akasema.

Batholomeo hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alimweleza taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba kulungu hawa ni wa serikali, mwenye bustani amepewa kuwatunza tu, na mmoja akikosekana bila maelezo, kuna mtu atakwenda kuyatoa maelezo hayo polisi. Nora akasema uzio ni mzima, na kama mwizi angeingia, bata wangesema. Hilo lilikuwa kweli. Bata bukini wa bwawa lile ni walinzi kuliko mbwa. Mgeni akisogea tu wanapanua mabawa na kupiga kelele mpaka barabarani, na tangu Jumapili hawakuwa wamepiga.

Batholomeo akamtazama. "Bata hawampigii kelele mtu wanayemjua," akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

Maneno yale yalimwingia Nora na kukataa kutoka. Alijua Batholomeo anamsema yeye. Lakini akili isiyotulia haikai kwenye tusi, inaendelea kutembea, na ya Nora ilitembea hadi mahali ambapo hakutaka ifike. Bata walimjua nani mwingine? Walimjua Waitara. Waitara, mdogo wake Werema, alifanya kibarua hapo miezi miwili mwaka jana wakati bwawa lilipopanuliwa, na mchana alikuwa akiwagawia bata makoko ya ugali wake. Waitara aliyekua na Werema, akatega mitego na Werema utotoni, na ambaye mpaka leo husema nyama ya duka haina ladha.

Akaomba ruhusa akidai ana homa, akapanda bodaboda hadi Ringwani, kijijini kwa Waitara.

Njia nzima alijiambia anakwenda kusalimia. Waitara ndiye aliyemlimia shamba mwaka ule Werema alipochukuliwa. Ndiye anayekwenda naye gerezani kila baada ya miezi mitatu, na humwacha yeye azungumze kwanza na mumewe huku mwenyewe akisubiri nje juani. Nora aliyajua hayo yote. Aliyajua, na bado alipofika hakupita mbele kupiga hodi kama mgeni wala kuita kama ndugu. Alizunguka nyuma, kwenye jiko la nje, mahali moshi ulipokuwa unatoka.

Regina, mke wa Waitara, alikuwa kisimani. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, imefunikwa. Nora alivuta pumzi puani. Akatazama juu ya dari kama kuna nyama imening'inizwa, akatazama nyuma ya mlango kama kuna ngozi. Kisha akachukua kitambaa, akafunua sufuria.

Dagaa. Dagaa na nyanya.

Alipoinua kichwa, Waitara alikuwa amesimama mlangoni na jembe begani. Amesimama tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Hakukunja uso, wala hakuuliza kilichomleta.

"Ni dagaa, shemeji," akasema. "Ukikaa kidogo utakula."

Nora akasema alikuwa anaangalia kama maji yanakauka. Akasema ana haraka, mwenye bodaboda anamsubiri. Waitara akatua jembe, akamsindikiza hadi barabarani, akimwonya penye utelezi. Nora alirudi Ikoma akiwa na aibu upande mmoja na shaka upande mwingine, maana shaka ni ng'ombe mkaidi, hata ukimwonyesha zizi tupu anasema kuna zizi jingine. Dagaa leo, aliwaza, na Jumatatu walikula nini?

Ijumaa afisa akaja. Nora alitegemea mwanamume mwenye buti na sauti. Akashuka binti wa miaka thelathini hivi, ushungi wake wa buluu umefungwa vizuri, darubini shingoni. Jina lake Shamsia, mzaliwa wa Mugumu pale pale, baba yake fundi cherehani. Gari lililomleta likaendelea na safari kwenda kijiji kingine, litamrudia saa kumi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwinamia Nora kidogo na kusema shikamoo mama, na Nora, aliyekuwa amejiandaa kwa pingu, nusura asahau kuitikia.

Walianza na bata. Daftari lilisema bata bukini ishirini na wawili. Shamsia akahesabu thelathini na mmoja, na kabla hajaandika, wanne wakaruka kuelekea mtoni, na wengine wasiojulikana wakatua kutoka upande wa hifadhi. Akaanza upya, akakwama upya. Batholomeo alitokwa jasho. Shamsia akamuuliza Nora yupi hasa ni wa bustani.

"Wakila hapa ni wetu," Nora akasema. "Wakiruka ni wa serikali."

Shamsia alicheka kwa sauti, na kwa dakika moja kila kitu kilionekana chepesi. Kisha wakaenda kwa kulungu. Shamsia alitazama kwa darubini kwa muda mrefu, akahesabu sita, akafungua daftari. Aliteremsha kidole kwenye ukurasa. Jumatatu wapo, Jumanne wapo, Jumatano wapo, Alhamisi wapo. Namba saba ilikuwa pembeni Jumatatu na Jumanne. Kuanzia Jumatano Batholomeo hakuandika kitu, na pengo lile lilisema kuliko namba.

Akauliza kwa upole kama Nora alimwona huyo wa saba siku hizo nne. Nora akasema hakumwona. Akauliza basi kwa nini ameandika wapo.

"Kwetu mnyama aliyechelewa hatumsemi kuwa hayupo," Nora akajibu. "Ukisema hayupo umemfungulia fisi mlango. Mimi sikuandika uongo, afisa. Niliandika hivyo ili arudi."

Batholomeo akaguna. Alikwishapata wanaume wanane wa kijijini, akasema, wako getini na fimbo. Wakiingia kichakani kwa mstari, ndani ya nusu saa itajulikana kama mnyama yumo au hayumo. Na kama hayumo, akamalizia bila kumtazama mtu, sheria ifuate mkondo.

Hapo Nora aliona njia mbili mbele yake, na zote zilimtisha. Wale wanaume wakiingia na Machozi wakamkuta, yeye amepona. Lakini kulungu akishtuliwa na watu wanane ndani ya uzio hatafuti mlango. Hukimbia moja kwa moja kwenye waya, na Nora alimzika mmoja aliyevunjika shingo namna hiyo wiki yake ya kwanza pale, kisa mtoto mmoja wa shule alirusha jiwe. Na wakiingia wasimkute, hapo hakuna la kueleza. Ingemfaa nini kusema ngojeni, hali hana uhakika? Uhakika hakuwa nao. Usiku ule uliopita alikuwa bado anamwona Waitara akimburuta Machozi kwenye nyasi.

Lakini akasema ngojeni. Akamwomba afisa kitu kimoja: amwache akae peke yake penye jiwe la chumvi mpaka gari litakaporudi. Mnyama jike anaweza kukosa kuja kula majani siku nne kwa sababu kichakani yamo, lakini chumvi haimo. Likija gari, Machozi akiwa hajatokea, wanaume waingie, na yeye atapanda gari mwenyewe bila kushikwa mkono.

Shamsia alitazama saa yake. Akamwambia Batholomeo awape wale wanaume soda.

Basi Nora akakaa chini. Kwa wewe na mimi kukaa ni kupumzika. Kwa Nora ilikuwa kazi nzito kuliko zote alizowahi kupewa. Saa nne ikapita, saa tano, saa sita. Miguu ilimwasha, mgongo ulimuuma, nzi walitembea usoni naye hakuwafukuza. Kila mara moyo ulimwambia ainuke akakague waya. Mkia Mweupe akaja, akaramba chumvi, akaondoka. Mzee akaja. Saa nane wingu likapita na kunyunyiza kidogo, na Nora akakaa vile vile, kichwani amejifunika mfuko wa pumba.

Ilipata saa tisa kasoro pale matawi ya chini ya kichaka yaliposogea. Pua ikatoka, halafu masikio, halafu ile michirizi miwili myeusi. Machozi alisimama mguu mmoja juu, akanusa upande wa Nora, akanusa tena. Kisha akaja kwenye jiwe akaramba kama asiyeona chumvi mwaka mzima.

Mtu mwingine angeona kulungu tu. Nora amekamua ng'ombe tangu ana miaka saba. Aliona tumbo lililokuwa la duara limeanguka ubavuni. Aliona kiwele kimejaa upande mmoja, upande wa pili kimelegea, na manyoya ya kuzunguka chuchu yamelowa na kulala, namna yanavyolala yakishanyonywa. Machozi akaramba, akageuka, akaingia kichakani mahali pale pale alipotokea. Nora alitaka kulia na alitaka kucheka, akajizuia vyote viwili mpaka alipofika getini.

Shamsia alikuwa ameona kwa darubini, lakini kiwele hakukielewa, Nora akamweleza. Kulungu akizaa huficha mtoto kichakani, humfuata kumnyonyesha na kuondoka, na wiki nyingi zitapita kabla mtoto hajatokea hadharani. Shamsia akaandika kwa kirefu. Halafu akainua kalamu.

"Mama, mtoto huyu asipoandikwa leo, mwezi ujao ataitwa mnyama asiye na kibali," akasema. "Nahitaji idadi, tena nahitaji itoke kwako."

Nora alikitazama kile kichaka. Batholomeo, wa kusifiwa kwa hili moja, hakumsaidia.

"Wanane," Nora akasema, kwa sauti ya chini, kama anayetoa siri ya mtu mwingine.

Gari lilikuja saa kumi na robo, Shamsia akaondoka, na kibali kikapata mhuri wiki iliyofuata. Jioni ile ya Ijumaa Batholomeo alikaa kando ya Nora akizungusha kofia yake mikononi, akasema anaomba radhi, alisema maneno mabaya kwa hofu ya kazi yake. Nora akamsamehe papo hapo. Haikumgharimu kitu. Mtu wa Kahama aliyemdhania vibaya mke wa mfungwa amefanya lipi jipya?

Aliyekuwa anamkosesha usingizi ni mwingine. Jumapili baada ya ibada akanunua kilo mbili za sukari, akaenda Ringwani, na safari hii alipita mbele. Akapiga hodi. Waitara na Regina walikuwa ndani, wakamkaribisha, wakampa kiti. Nora akaanza kusimulia habari za Machozi: jinsi alivyojificha, jinsi afisa alivyokuja, jinsi mtoto alivyopatikana. Alisimulia haraka haraka, maana ndani ya hadithi ile alikuwa anatafuta mahali pa kupenyeza radhi yake. Waitara alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo amepatikana," akasema.

"Amepatikana, shemeji. Nimekuja..."

"Ule mwaka wa kaka," Waitara akasema, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo, "askari walianzia hapa kabla ya kufika kwako. Walifunua sufuria kama ulivyofunua wewe. Lakini wao walipiga hodi."

Nora akainuka, akaiweka ile sukari mezani mbele ya Regina. Regina akasema ahsante. Wakazungumza kidogo kuhusu mvua, na mahindi, na siku ya kwenda kumwona Werema, na muda wote huo sukari ilibaki pale pale Nora alipoiweka, hakuna mkono ulioigusa.